Stadi zisiguse bati la kontena, jamani

Leo naandika manake nimechoka kubishana na mafundi. Kama una kontena hapa Malindi na wataka kulifanya duka ama ofisi ama chumba cha kukodisha, fremu ya ndani ipigwe kwa stadi za chuma, yaani zile nguzo nyepesi zilizopakwa zinki ambazo bodi za jipsam hufungwa juu yake, hilo sina ubishi nalo. Lakini zisiguse ukuta wa kontena. Hata kidogo. Na hapo ndo fundi huanza kukuangalia kama umepigwa na jua.

Kontena langu la kwanza, la futi 20, fundi alizichomelea stadi moja kwa moja kwenye bati. Nikaona kazi safi, ukisukuma haichezi. "Ami, hii hata tetemeko haliitoi," akaniambia, nikacheka, nikamlipa. Kumbe kila mahali moto ulipopita rangi ya nje imebabuka, na kwa hii hewa yetu ya chumvi haikuchukua muda nikaona mistari ya kutu inateremka ukutani kama mwanamke aliyelia na wanja machoni, imepangana sentimita 60 kwa 60, yaani wasimama nje barabarani wahesabu stadi za ndani!

Na joto je? Hiki kipindi cha kaskazi, Februari saa nane mchana, ukipitisha kiganja juu ya jipsam ndani ulikuwa wajua stadi iko wapi bila kutafuta skrubu, hapa vuguvugu, hapa moto, hapa vuguvugu, hapa moto. Ile pamba ya kuzuia joto niliyonunua kwa pesa nyingi imekaa katikati haina la kufanya, manake chuma hupitisha joto mara 300 na zaidi kuliko mbao, kwa hivyo kila stadi inayogusa bati ni kama umelialika jua ndani na kulipa kiti.

Kuna wanaosema basi tumia mbao yaishe. Sawa, lakini mchwa wa pwani wewe wawajua, na mbao zenyewe siku hizi zauzwa mbichi, ukishafunga bodi zinapinda ndani kwa ndani na jipsam inapasuka kwenye maungio. Mimi nabaki na chuma.

Sasa kontena la pili nikafanya hivi. Chaneli ya chini, ile reli inayoshika miguu ya stadi, imepigwa skrubu kwenye sakafu, ile plaiwudi ya kontena ina milimita 28, yashika vizuri sana. Ya juu imeshikwa kwenye ile boriti ya chuma inayopita ukingoni mwa paa, ambayo ndani ni tupu kama bomba, kwa hivyo skrubu ikiingia haitokei nje na mvua haina pa kupita. Stadi zikasimama katikati ya hizo mbili peke yake, sentimita 2 mbali na bati, na pamba ikaingia mpaka kwenye mikunjo ya ukuta. Hakuna kuchomelea popote, na kama kuna kitu lazima kichomelewe kichomelewe kabla ya kuingiza pamba, na kama umeweka ile sponji nyeupe ya kupakia friji ndo kabisa, hiyo ikishika moto moshi wake ni sumu.

Shemeji yangu akaja akapima akasema nimepoteza chumba. Haya tupige hesabu. Kontena ndani lina upana wa mita 2.35. Nafasi sentimita 2, stadi 5, bodi 1.2, hiyo ni 8.2 kila upande, nabaki na mita 2.19 hivi. Ndiyo, inauma. Lakini mimi nimezaliwa Lamu, nyumba ya bibi kule Mkomani vyumba ni virefu vyembamba, manake upana wa chumba waamuliwa na boriti ya mkoko, na mkoko haukupi zaidi ya mita 2.5 ama 3, kwa hivyo mwenye kutaka nafasi aliipata kwa urefu. Na kuta zenyewe za mawe na chokaa unene wake karibu nusu mita, na sijawahi kumsikia bibi akilalamika kuwa ukuta wamla chumba. Ukiingia mchana kutoka juani mwili wote unashukuru. Sisi leo twagombania sentimita 8!

Kingine ni grainda. Fundi hukata stadi kwa grainda kwa sababu ni haraka, cheche zinarukia stadi zingine zinaganda juu ya zinki, baada ya siku chache waona vidoa vya kutu kila mahali. Kata kwa makasi ya bati. Mkono utauma, ndiyo.

Na umeme, tafadhali. Matundu ya stadi yana makali, waya upite ndani ya paipu, na kontena lenyewe pamoja na fremu vifungwe athi, ule waya wa kuupeleka umeme ardhini. Umo ndani ya sanduku la chuma ndugu yangu, waya mmoja ukichubuka sanduku zima laweza kuwa na umeme. Kama kuna mahali pa kutundika kabati au TV, weka kipande cha plaiwudi kati ya stadi mbili kabla ya kufunga bodi, na ukipige picha na simu, utasahau kiko wapi.

Pahali nilipokwama ni mlango na dirisha, hapo fremu lazima iguse kontena, hakuna ujanja. Nilikata tyubu kuukuu ya bodaboda vipande vyembamba nikaviweka katikati ya chuma na chuma ndo nikapiga skrubu. Imesaidia, si kama imemaliza. Pembeni mwa dirisha bado ndo penye joto kuliko kote, na paka wa jirani ameshapajua, asubuhi za kusi zikiwa na baridi namkuta amejikunja hapohapo na kumfukuza hatoki.