Kitambi cha bandia si kipaji

Ikitajwa filamu ya Indonesia, watu wetu wanakimbilia The Raid: mateke, mapanga, maiti ghorofa hadi ghorofa. Sawa, nyota wake Iko Uwais anajua kupiga. Lakini kuishia kwake wakati mwigizaji Reza Rahadian yupo ni kumkosea mtu heshima. Na hao wanaomjua Reza nao wanaudhi, maana wanamsifia kitambi!

Kitambi chenyewe ni cha My Stupid Boss (2016): kipara, masharubu, bosi bahili wa ofisi ya Kuala Lumpur ambaye akikosea yeye, mkosaji ni wewe. Kichekesho safi. Ila tumbo la bandia fundi yeyote wa maleba atakufungia.

Mtazameni kwenye Habibie & Ainun (2012), iliyompa Citra, tuzo ya filamu ya Indonesia, ya mwigizaji bora. B.J. Habibie, rais wa zamani wa Indonesia, alikuwa mfupi, Reza ni mrefu, na urefu haufichwi kwa poda. Tena Waindonesia walishamzoea rais wao huyo kwenye televisheni: macho yamekodolewa, mikono haitulii, maneno yanasukumana kutoka. Mtu wa namna hiyo ni mtego. Wengi huanza na sauti, wakaikoleza, na matokeo yake ni mwigo wa kuchekeshea watu harusini. Kwa Reza mwili ndio unaotangulia: shingo inainama upande, mabega yanajikunja, ndipo sauti inafuata. Na kwa kuwa sauti haijakolezwa, Ainun, mke wa Habibie, anapougua, unamwamini Reza. Angekuwa ameanza na mbwembwe, kilio kile kingeleta kicheko.

Kabla ya hapo kuna Samsudin wa Perempuan Berkalung Sorban (2009), mume katili, mtoto wa shehe mwenye chuo cha dini. Hakuna kipara wala masharubu ya kubandika, na unamchukia vilevile. Mapenzi na msiba? Critical Eleven (2017). Historia? Guru Bangsa: Tjokroaminoto (2015).

Haya, nakubali: kuna miaka Reza alikuwa kwenye kila bango la filamu, hadi kwao wakamtania kwamba ni yeye tena. Na kwenye filamu ya Benyamin Biang Kerok (2018) alitumia nguvu nyingi mno.

Anzeni na Samsudin, mfuatishe Habibie, na dakika 10 za kwanza zimeni sauti kabisa, mtazame shingo na mikono. Bosi mwekeni mwisho. Mkianza naye mtacheka, mtasema jamaa anachekesha, na mtarudi kwenye mateke yenu.