Usiulize spea ya trela ya jeshi, uliza namba

Ingia duka la spea mjini Nakuru useme unatafuta beringi ya trela ya jeshi. Mwenye duka atakuuliza, "Ya gari gani?" Ukishindwa kumtajia Isuzu, Toyota au Mitsubishi, atatikisa kichwa na kumhudumia mteja aliye nyuma yako. Hapo wengi hukata tamaa. Trela iliyonunuliwa mnadani kwa shangwe inasukumwa nyuma ya boma, kuku wanaanza kulala chini yake, na mwishowe mtu wa skrepa anakuja na mizani. Inaniudhi, maana trela haikuwa imekufa. Aliyeitafutia spea ndiye aliyeuliza vibaya.

Chini ya ile rangi ya kijani kuna vyuma vya kawaida. Chukua trela ya Sankey ya Uingereza, ile ya robo tatu ya tani. Iliundwa ivutwe na Land Rover, na jeshi halikutaka kubeba magurudumu ya akiba ya aina mbili, kwa hiyo rimu zake zina matundu matano yaliyopangwa kama ya Land Rover. Huku kwetu rimu za Land Rover kuukuu hazijaisha mashambani, kuanzia Njoro hadi Kitale, nyingine zikishikilia mabati ya banda la ng'ombe. Za Marekani zina ukoo wake: M416 ya robo tani ilitengenezwa ivutwe na gari dogo la jeshi aina ya jeep, M151, na M101 ni ya robo tatu. Hizo tani zenyewe hazilingani. Robo tatu ya Mwingereza ni kilo 762, ya Mmarekani ni kilo 680. Mkulima wa Molo anayepanga magunia ya viazi mpaka yapite mbao za kando angefaa kujua amenunua ya nani.

Turudi kwa beringi. Fungua habu, ile kitovu cha gurudumu, osha grisi yote kwa mafuta ya taa, kisha geuza beringi kwenye mwanga. Namba imechongwa usoni. Nyingi za trela hizi hutumia beringi za tapa, zenye vipande viwili, koni ya ndani na kikombe cha nje, na kila kipande kina namba yake. Kwa mfano, LM67048 ni koni na LM67010 ni kikombe kinachoipokea. Tundu lake ni milimita 31.75, yaani inchi moja na robo. Andika namba kama hiyo kwenye karatasi, umpe yule yule mwenye duka. Hataki tena kujua ni ya gari gani. Anaingia stoo.

Tatizo huanza pale fundi mwenye haraka anapokwambia, "Mkubwa, 32 na 31.75 ni kitu kimoja." Si kitu kimoja hata kidogo. Trela za zamani za Uingereza na Marekani zilipimwa kwa inchi, na beringi nyingi za magari ya Japani ni za milimita. Ukiweka koni ya milimita 32 kwenye ekseli ya 31.75, italegea, itaanza kuzunguka juu ya ekseli na kuila. Beringi unaweza kununua nyingine kesho. Ncha ya ekseli iliyoliwa hutaipata kaunta, na kuijaza kwa kuchomelea kisha kuipeleka kwa mtu wa lethi kutakula pesa kuliko ulizolipa mnadani. Za milimita zina namna yake ya kusomwa: kwenye 30206, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, unapata tundu la milimita 30. Namba ikiwa imefutika, kuna kalipa. Pima ndani, nje na unene. Sili ya grisi nayo huuzwa kwa vipimo hivyo hivyo vitatu.

Ukikuta kibati au lebo yenye tarakimu 13, usiitupe. Hiyo ni namba ya akiba ya NATO, ambayo majeshi ya muungano huo huitumia kutambua kila spea. Nne za mwanzo zinataja aina ya kitu: 2530 ni kundi la breki, ekseli na magurudumu, 3110 ni beringi. Mbili zinazofuata zinataja nchi: 99 ni Uingereza, 00 na 01 ni Marekani, 12 ni Ujerumani. Iandike kwenye intaneti na mara nyingi itakupa namba ya kiwanda kilichotengeneza kitu chenyewe, nawe unarudi dukani na hiyo.

Kwa hivyo mimi si mtu wa kung'ang'ania uasilia. Bodi ikioza, wapelekee mafundi wa jua kali wa Kibuye, Kisumu, watakukunjia bati jipya vizuri. Taa na waya za volti 24 ng'oa zote pamoja na ile plagi ya pini 12, uweke za volti 12 na plagi ya pini saba. Rangi, paka unayotaka, ila si ya kijeshi tafadhali. Sioni raha ya kusimamishwa kila kizuizi cha barabarani.

Mkono wa kuvutia, ule wenye pete ya chuma mbele, ndio sitaki uguswe. Nimeona trela zilizokatwa pete kwa grainda na kuchomelewa kikombe cha kushika tufe la chuma la milimita 50 ili zivutwe na pikapu. Pete ile ina tundu la milimita 76 na imefuliwa kwa kazi. Ikiwa kwenye ndoano yake huiacha trela ilale upande bila kuipinda gari inayovuta. Nunua ndoano inayolingana nayo uifunge kwenye gari kwa bolti. Msumari wa nondo uliopindwa ukaitwa ndoano unaweza kukuvusha hadi Njoro, lakini kuna mteremko wa Salgaa, na kule malori mazima yameshindwa kusimama. Breki za msukumo nazo, zile zinazokazwa na trela yenyewe inapoisukuma gari, hutegemea mkono huo huo uteleze bila kukwama. Ukichomelea pale, umezizima.

Springi pia zisiguswe na moto. Jani likivunjika, tafuta jingine la upana na unene huo kwenye springi za lori, likatwe na kutobolewa baridi. Jani lililochomelewa limepoteza ugumu wake na litakatika pale pale.

Halafu karatasi. Trela barabarani inahitaji namba yake ya usajili, ile inayoanza na Z, na mali ya serikali huuzwa kwa utaratibu wa sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015. Muuzaji asiye na hati za mnada ule, mwachie trela yake hata ikiwa na tairi mpya.

Nikikuta mbili mnadani na pesa ni ya moja, nachukua ile yenye bodi mbovu na mkono ulionyooka. Ile ya rangi inayong'aa, iliyokatwa pete, wacha wengine waipandishie bei.