Fungeni mpira, si matangazo ya vifo

Eti stesheni zetu za redio za huku Kisumu sasa zinawafungia walio nje ya nchi wasizisikilize mtandaoni. Kwa mpira naelewa: haki za kutangaza mechi huuzwa nchi kwa nchi, na muziki nao una leseni zake. Lakini matangazo ya vifo yana leseni ya nani? Dada yangu yuko Doha. Redio ndiyo humwambia nani anazikwa Jumamosi kule Seme. Si wafunge zile dakika 90 za mechi, kisha wafungue? Na wasithubutu kubana wasikilizaji kwa kaunti walizoko, maana simu iliyo Kondele, hapa hapa Kisumu, mara nyingi huonekana mtandaoni kama iko Nairobi. Wajanja watatumia VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani. Wanaoumia ni wazee walioko kwa watoto wao ughaibuni.