Nafsi Yangu Katika Safu ya Kwanza

Kwa miaka mingi nimechora kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo ukiipaka jioni, kesho yake asubuhi unaweza kuiegemea bila wasiwasi. Kwa hiyo nilipozawadiwa rangi halisi za wachoraji, zilizosagwa katika mafuta ya kitani na kutiwa katika vijitubu mithili ya dawa ya meno, sikuuliza swali lolote. Nilijifungia chumbani kwangu, Ngamiani, Tanga, siku tatu mfululizo, nikachora picha dhahania ya nafsi yangu iliyojificha. Niliuachia mkono uende utakako, na rangi nikaipandisha kwa kisu, mahali pengine unene wa kidole. Nikaiita "Mimi Nisiyemjua".

Nisichokijua kingine ni kwamba rangi hizo hazikauki kama nguo kambani. Mafuta yake hunyonya oksijeni ya hewani na kuganda polepole, kazi ambayo kwa tabaka nyembamba huchukua siku kadhaa, na kwa unene wa kidole huchukua miezi. Siku ya sita, Ijumaa, niliigusa pembeni nikaona imeshika, nikaiegemeza ukumbini ipate upepo, kisha nikaenda kuoga.

Baba mwenye nyumba alitoka chumbani kwake amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Akaegemea ukuta ili avae makobazi. Kwa bahati mbaya, pale ukutani nilikuwapo mimi.

Msikitini nilifika nimechelewa. Msikiti wetu ni mdogo, wa safu nne tu, na nilipoinua macho nikaiona nafsi yangu imesimama safu ya kwanza, nyuma ya imamu, wekundu wote na lile duara jeusi nililolihangaikia usiku kucha, ila kushoto kumekuwa kulia. Ilipoinama, niliinama. Mwenyezi Mungu anisamehe, sikumbuki hata sura iliyosomwa.

Baada ya salamu, watu walimzunguka mzee, naye akadhani wanampongeza kwa kanzu. Muuza samaki alisema ni pweza. Fundi baiskeli aliona mnyororo uliokatika. Mwalimu mstaafu alishikilia kwamba ni Ziwa Nyasa, akaonyesha kwa kidole hadi zilipo bandari, na kidole hicho kikarudi chekundu. Daktari Mswisi Hermann Rorschach alitoa mwaka 1921 kadi 10 za madoa ya wino, ili kila mtazamaji aeleze anachokiona na hivyo afichue yaliyo moyoni mwake. Mimi nilipata matokeo yaleyale kwa kanzu moja, tena bila kukusudia.

Nyumbani nilijaribu tapentaini, lakini doa lilitanuka tu na mzee akanuka kama duka la seremala. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mzee. Naomba radhi. Kanzu nitailipa."

"Marahaba. Lakini hebu niambie, hii ni picha ya nini?"

"Ni mimi, mzee. Ni nafsi yangu ya ndani."

Aliitazama kanzu kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Basi leo nimekubeba mgongoni mpaka safu ya kwanza, kwenda na kurudi. Kodi ya mwezi huu hujalipa, na sasa nakudai na nauli."