Kumwambia Mzazi "Subiri" Bila Kipimo ni Kumnyima Mtoto Tiba

Hivi karibuni nilimsikia mhudumu wa afya akimwambia mama mmoja, ambaye mwanawe hutokwa na jasho kipajini kila anaponyonya na huachia titi mara kwa mara ili avute pumzi, kwamba tundu la moyo huziba lenyewe mtoto akikua. Hakuandikiwa kipimo wala rufaa. Jambo hilo limenikera sana.

Sibishi kwamba matundu mengine madogo huziba yenyewe, wala kwamba daktari bingwa anaweza kuamua mtoto aongeze uzito kwanza. Lakini huyo anangoja akiwa ameshaupima moyo kwa ultrasaundi, na tarehe ya kurudi ameiandika.

Chukua mfano wa njia nyingine isiyotakiwa kubaki wazi: mshipa unaounganisha aorta, yaani mshipa mkuu utoao damu moyoni kwenda mwilini, na ateri ya mapafu, inayopeleka damu mapafuni. Mshipa huo hutakiwa kujifunga siku chache baada ya mtoto kuzaliwa. Ukibaki wazi na ukiwa mpana, damu iliyokwisha kupata oksijeni hurudishwa mapafuni kwa wingi, moyo ukalemewa, mtoto akadumaa na vichomi vikawa haviishi. Miaka ikipita, mishipa ya mapafu hukakamaa na shinikizo hupanda, hata damu ikageuza mkondo na ngozi ikaanza kuwa ya bluu. Akifikia hapo, kuuziba mshipa huo hakumponyi tena, kunaweza kumuua.

Inauma zaidi ukijua tiba ambayo mtoto huyo ameikosa. Mtoto hupewa nusu kaputi, daktari akatoboa mshipa kwenye kinena, akapitisha katheta, yaani mrija mwembamba, hadi karibu na moyo huku akiifuatilia kwenye skrini ya eksirei, kisha akaachia kifaa kidogo cha nyaya zilizosukwa ambacho hujikunjua na kuziba njia. Kifua hakipasuliwi, na mara nyingi mtoto huruhusiwa kesho yake.

Wala si majaribio ya juzi. Mwaka 1966 daktari William Rashkind wa Philadelphia, Marekani, alieleza namna ya kupanua tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo kwa puto, ili kuwaokoa wachanga ambao mishipa mikuu ya moyo imebadilishana nafasi. Mwaka 1982 Jean Kan na wenzake, huko Baltimore, walieleza jinsi ya kufungua kwa puto valvu ya mapafu iliyobana, yaani mlango wa damu iendayo mapafuni. Tangu 2019 kipo kifaa cha kuziba ule mshipa uliobaki wazi, kilichoidhinishwa Marekani hata kwa njiti wa gramu 700.

Ziko kasoro zisizotibika ila kwa kisu, na katheta nayo ina hatari zake: damu kuvuja, au kifaa kuhama. Mzazi aelezwe yote hayo waziwazi.

Mzazi naye aulize: tundu liko wapi, lina ukubwa gani, shinikizo la mapafu likoje, na turudi lini? Mhudumu asiye na majibu hayo aandike rufaa siku hiyo hiyo.