Ombi la kusamehewa ada nalo lina gharama zake
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba asiyeweza kulipa ada ya mahakama huandika ombi tu, akasamehewa. Kwenye karatasi ni kweli: Kifungu cha 48 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka ada iwe ya kadiri na isimzuie mtu kupata haki, na Agizo la 33 la Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010 linamruhusu asiyejiweza kufungua kesi bila kulipa kwanza. Nililoliona nilipomsindikiza shangazi yangu kutoka Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, kwa kesi ya kiwanja, ni kwamba ombi lenyewe lina gharama: alitakiwa kuorodhesha mali yake yote, hata cherehani na masufuria, hati ya kiapo ikaapishwa kwa malipo, nakala zikatolewa, na nauli za siku tatu (feri ni bure kwa waendao kwa miguu, alhamdulillahi) zikamaliza akiba yake. Isitoshe, akishinda, ada ile huhesabiwa na kuwa deni la kwanza juu ya kile alichokipata, kwa hiyo neno "kusamehewa" limetiwa chumvi. Je, kuna msomaji wa hapa Pwani aliyeelezwa habari za Agizo hilo na karani wa masijala ya mahakama kabla hajauliza mwenyewe?