Konsoli ya siriali ikinyamaza, uliza kimya kimeanzia wapi

Mtu akilalamika kwamba konsoli ya siriali ya seva yake (poti ya kuiongoza seva kwa maandishi tu, kupitia kebo, bila skrini) haionyeshi kitu, jibu la kwanza atakalopewa ni kubadilisha kasi, yaani biti kwa sekunde. Weka 9600. Ikigoma, 115200. Ikigoma tena, 38400. Mimi naona ushauri huu unampotezea fundi muda. Kasi zisipolingana, mara nyingi hupati kimya, unapata takataka: herufi zilizovurugika, alama za maulizo, visanduku. Na takataka ni habari njema, kwa sababu zinakuambia kwamba waya unapitisha, seva iko hai, na upande wa pili kuna kinachozungumza. Kimya kitupu ni ugonjwa mwingine.

Ninachotaka mtu ajiulize ni kimya kimeanzia wapi. Tangu seva iwashwe hadi ikuombe jina la kuingilia, poti ile ile hupita mikononi mwa wanne: BIOS inayoiamsha mashine, kisha bootloda inayopakia mfumo, kisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, mwisho getty, programu inayokuletea login. Kila mmoja ana mpangilio wake, na usitegemee kwamba uliyomwambia mmoja yamemfikia mwenzake. Ukijua ni nani aliyesema neno la mwisho, umeshajua wa kumshuku ni anayefuata.

Chukua kisa cha APU2, kile kiboksi cha PC Engines ya Uswisi ambacho wengi wamekifanya faiawoli ya ofisi. Hakina tundu la skrini kabisa. Kina poti moja ya siriali ya pini tisa, na kinazungumza kwa 115200. Chomeka flashi yenye mfumo endeshi wa OpenBSD, washa, na utaona maneno ya BIOS vizuri, kisha kidokezo cha bootloda, boot>, kisha tarakimu za kerneli inayopakiwa, kisha mstari unaoanza na "entry point at". Baada ya hapo hakuna kitu. Hapo ndipo watu husema boksi limekufa, au flashi ni mbovu, wanaanza kuandika nyingine.

Boksi ni zima. Bootloda ilikuwa inaandika kwenye skrini ya kawaida, na BIOS ikawa inayanasa maandishi hayo na kuyapeleka kwenye siriali kimyakimya. Kerneli ilipopokea kazi, BIOS ikawekwa kando, na kerneli ikaendelea kuandika kwenye skrini ambayo haipo. Dawa yake ni mistari miwili kwenye boot>, kabla ya kuiacha iendelee (com0 ni poti ya kwanza ya siriali):

stty com0 115200
set tty com0

Ukishafika kwenye usakinishaji, OpenBSD yenyewe itakuuliza kama com0 iwe konsoli ya kudumu na kwa kasi gani, kisha itakuandikia yanayohitajika kwenye /etc/boot.conf na /etc/ttys. Ila kama diski umeihamisha kutoka mashine nyingine yenye skrini, hakuna aliyeulizwa chochote, kwa hiyo mafaili hayo mawili utayarekebisha mwenyewe. Kwa FreeBSD, ndugu yake, mantiki ni ile ile, isipokuwa utaanzia /boot/loader.conf.

Linux ina mitego yake, na mmoja unaniudhi zaidi ya mingine. Watu huongeza console=ttyS0,115200n8 kwenye mstari wa kerneli (ttyS0 ni poti ya kwanza ya siriali), wakaona ujumbe unamiminika, wakaridhika. GRUB, bootloda yake, hawakuigusa. Siku kerneli mpya itakapogoma kuwaka, kitu pekee watakachokihitaji ni menyu ya kuchagua ile ya zamani, na menyu hiyo iko kwenye skrini ambayo hakuna aliye mbele yake. GRUB_TERMINAL na GRUB_SERIAL_COMMAND ni mistari miwili tu kwenye /etc/default/grub, kisha unaizalisha upya grub.cfg. Tena, ukiweka console mbili, mpangilio una maana: ya mwisho ndiyo inayokuwa /dev/console, yaani konsoli kuu. Ukimalizia na tty0, yaani skrini, ujumbe wa kerneli utauona kote kuwili, lakini huduma zinazoandika kwenye /dev/console wakati wa kuwaka zitakwenda kwenye skrini, nawe kwenye siriali utadhani mashine imekwama.

Kama ujumbe wote wa kerneli umepita na login haiji, acha waya, acha kasi, nenda kwa getty. Kwenye mifumo ya Linux inayoanzisha huduma zake kwa systemd, getty ya siriali huanzishwa yenyewe pale kerneli ilipotajiwa poti hiyo kuwa konsoli. Vinginevyo, systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service. Na kama ni seva ya raki ambayo siriali yake unaifikia kupitia mtandao kwa ipmitool sol activate, hakikisha ni poti ipi, maana nyingi hutumia ya pili, ttyS1, huku wewe umeiandikia ttyS0 kila mahali.

Kuna pia ile hali ya kusoma bila kuweza kuandika. Maneno yanaingia, unabonyeza Enter, hakuna jibu. Nikisikia hivyo naulizia minicom, programu ya kufungulia siriali kwenye laptopu, kwanza, kwa sababu kwa kawaida huja na udhibiti wa mtiririko wa RTS na CTS (nyaya ambazo upande mmoja hutumia kuuruhusu mwingine utume) ukiwa umewashwa, na kebo ya nyaya tatu, ya kutuma, kupokea na ardhi tu, haina nyaya hizo. Programu inangoja ruhusa isiyoweza kufika. Uzime kwenye mipangilio ya poti. Ndiyo maana kwa kazi hii mimi napenda programu nyepesi, cu au picocom. Kwenye BSD, kebo ya USB ina majina mawili; fungua cuaU0, usifungue ttyU0: hiyo ya pili husubiri ishara ya modemu kabla ya kufunguka, na modemu huna.

Kimya kikianza tangu BIOS, hapo ndipo waya unastahili kushukiwa. Toa kebo kwenye seva, unganisha pini ya 2 na ya 3 za ncha yake kwa kipande cha waya, kisha andika chochote. Herufi zikikurudia, laptopu, draiva, chipu ya kebo ya USB na kebo yenyewe viko sawa, na swali linalobaki ni kama ulihitaji null-modem (kebo inayopishanisha nyaya za kutuma na kupokea) ukaweka kebo iliyonyooka. Zisiporudi, angalia dmesg, kumbukumbu za kerneli ya laptopu yako, kama chipu imetambuliwa, na kama umo kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti. Kebo za USB za bei ya chini za Kariakoo au Luthuli Avenue zinaweza kuwa na chipu bandia. Mwaka 2014 draiva ya Windows ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu halisi, ilizibadilisha namba ya utambulisho chipu bandia zikawa hazitambuliki tena, na walioumia ni wanunuzi waliodhani wamenunua halisi.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya kizamani, tuna KVM ya kivinjari, inayokuonyesha skrini ya seva kwa mbali. Sawa, lakini picha ya skrini huwezi kuitafutia neno kwa grep. Siriali unaihifadhi kwenye faili, na kerneli ikianguka saa nane usiku unakuta maneno yake yote asubuhi. Hata mawingu yamerudi huko: AWS ilileta EC2 Serial Console, konsoli ya siriali ya seva zake za wingu, mwaka 2021. Hapo nako kuna mtego wake. Seva nyingi za wingu huingiwa kwa ufunguo wa SSH tu, hakuna mtumiaji mwenye nywila, kwa hiyo konsoli inakupa login usiyoweza kuijibu. Mpe mtumiaji mmoja nywila ndefu wakati seva ingali nzima, kisha iwashe upya ukiwa unatazama kutoka BIOS hadi login.

Ukimaliza, kwenye cu unatoka kwa ~. na kama umepitia SSH ni ~~. ili usijikatie SSH yenyewe. Lakini andika exit kwanza. Kwa kebo ya nyaya tatu seva haina namna ya kujua kwamba umechomoa, na atakayechomeka baada yako, awe fundi wa kampuni nyingine au yeyote mwenye ufunguo wa chumba, atakuta root yako, akaunti yenye mamlaka yote, ikimsubiri.